WAYA WA NYUMBA: TAZAMA CHINI YA NGOZI YA SHABA

Paa likivuja utaona maji, na mlango ukipinda utausikia ukikwama. Lakini waya wa umeme ukishafunikwa kwa plasta hauonekani tena, na kasoro yake aghalabu hujulikana siku ya moshi. Kwa hiyo mahali pa kuuchunguza ni dukani, kabla fedha haijatoka mkononi.

Madukani leo zimo nyaya ambazo si za shaba tupu. Kiini chake ni aluminiamu au chuma cha pua, na juu yake imevikwa ngozi nyembamba ya shaba. Mnunuzi huona wekundu wa ncha akaridhika. Kumbe katika nyaya za aluminiamu za namna hiyo, shaba kwa kawaida ni sehemu 10 au 15 tu katika kila sehemu 100 za ujazo. Sababu ya kuzitengeneza ni wazi: shaba ni ghali na nzito, aluminiamu ni nafuu na nyepesi.

Kila waya na kazi yake

Si haki kuzilaumu nyaya hizi zote. Fimbo zinazopigiliwa ardhini kwa ajili ya usalama wa umeme mara nyingi ni za chuma cha pua kilichovikwa shaba: chuma hustahimili nyundo, na shaba huzuia kutu. Waya wa antena ya televisheni nao waweza kuwa na kiini cha chuma bila kupungukiwa, kwa kuwa mawimbi yake ya kasi kubwa hupita katika ngozi ya waya, ambako shaba ipo.

Umeme wa nyumbani sivyo ulivyo. Mizunguko yake ni 50 tu kwa sekunde, nao hupita katika waya wote, ngozi na kiini. Hapo aluminiamu iliyovikwa shaba hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili hivi tu ya uwezo wa shaba tupu.

Tuchukue mfano. Waya wa milimita 2.5 za mraba, utumikao sana kwa soketi, umevutwa mita 20 hadi jikoni. Chombo kikivuta ampia 10, waya wa shaba, kwenda na kurudi, hupoteza wati 28 hivi kwa joto. Ule wa aluminiamu iliyovikwa shaba, kwa unene huo huo, hupoteza wati 43 hivi. Joto hilo halipiki chakula wala halinyooshi nguo. Huichakaza plastiki ya waya, na mita hulihesabu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maungio. Aluminiamu ni laini, na ikibanwa na skrubu hubonyea kidogo kidogo. Ipatapo joto hutanuka kuliko shaba, ipoapo husinyaa. Ngozi ya shaba ikikwanguka, hewa huifunika aluminiamu kwa utando usiopitisha umeme. Skrubu iliyokazwa leo hulegea baadaye, penye kulegea joto huzidi, na soketi hugeuka kahawia. Moto waweza kuanzia hapo.

Namna ya kuutambua

Kwanza, soma maandishi ya waya na ya karatasi yake. Herufi CCA ni alama ya aluminiamu iliyovikwa shaba, na CCS ni alama ya chuma cha pua kilichovikwa shaba.

Pili, pima uzito. Mita 100 za waya mmoja wa milimita 2.5 za mraba huwa na shaba ya kilo 2.2 hivi, mbali na plastiki. Aluminiamu iliyovikwa shaba ya kipimo hicho haifiki kilo 1. Mizani ya kupimia sukari yatosha kufichua siri hiyo.

Tatu, omba kipande ukikwangue kwa kisu. Shaba tupu ni nyekundu hadi ndani. Weupe ukitokea, kiini ni cha madini mengine. Sumaku ikikinasa, kiini hicho ni chuma.

Ikiwa waya wa namna hiyo umekwisha kuwekwa nyumbani mwako, usiufungue mwenyewe. Mwite fundi umeme mwenye ujuzi akague maungio, aweke fyuzi inayolingana na uwezo wa waya, na akushauri ni wapi pa kubadilisha. Mpaka hapo, usitumie pasi na jiko la umeme kwa pamoja katika waya mmoja. Soketi ikipata joto au ikinuka, zima swichi kuu mara moja.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Fundi akikuletea orodha ya vifaa, mwenye nyumba, uwe baba au mama, fuatana naye dukani ukiwa na kisu na sumaku mfukoni. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuona bidhaa yake ikikwanguliwa.