Reli Mlimani na Njia za Majini

Swali la vikwazo vya usafiri, wanafunzi wengi hulijibu hivi: "Milima huzuia ujenzi wa reli." Jibu hilo si kosa, lakini alama zake ni chache. Msahihishaji anataka ueleze milima huzuiaje, na kizuizi hicho kilishindwa kwa njia gani.

Anza na gurudumu. Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Msuguano kati yao ni mdogo, ndiyo maana kichwa kimoja huweza kuvuta mabehewa mengi kwenye tambarare. Mlimani faida hiyo hugeuka hasara, kwa sababu magurudumu huteleza. Chukua mfano: ikiwa reli inaruhusiwa kupanda mita 20 tu katika kila kilomita, itahitaji kilomita 50 ili ipande mita 1,000. Mhandisi hulazimika kuizungusha njia kando ya mlima, kuchimba mahandaki na kujenga madaraja juu ya mabonde. Gharama hutoka hapo.

Mfano wetu mkubwa ni TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Zambia ilihitaji njia mpya ya kusafirishia shaba baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia. China ilitoa mkopo usio na riba, na kazi ikafanyika kati ya 1970 na 1975. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa Mlimba hadi Makambako, ambako reli inaacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu. Zaidi ya Wachina 60 walifariki katika mradi huo. Baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Wanafunzi hutaja mkopo na kusahau watu. Wewe taja vyote viwili.

Sasa turudi kwetu Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo treni itokayo Dar es Salaam nayo hupanda sana, ila sehemu kubwa ya safari ni uwanda mpana. Huku kizuizi ni maji. Meli ya MV Umoja iliundwa ikiwa na reli ndani yake: mabehewa huingizwa melini na kuvushwa hadi Uganda bila kupakua shehena. Kwenye Ghuba ya Mwanza, magari, abiria na hata wagonjwa walisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi hadi lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na waliolijenga ni kampuni za China.

Swali la kujipima: Behewa la mzigo linatoka Dar es Salaam kwenda Uganda kupitia Mwanza. Eleza kwa nini kulivusha likiwa zima ni nafuu kuliko kuupakua mzigo bandarini. (Alama 5)