Namna ya Kufahamu Fungu la Maandiko

Wengi kati yetu tunasoma vizuri kwa sauti, lakini tukiulizwa: «Fungu hili linasema nini?», mara tunaanza kuhubiri. Papa Pio XII mwaka wa 1943, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka wa 1965, walitukumbusha kwamba yapasa kutafuta kwanza mwandishi alitaka kusema nini, na kwa aina gani ya maandishi.

Tujaribu kwa waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni, wenye mistari 25 tu. Unasema juu ya mtumwa, na kwetu Kasongo na Kabambare neno hilo halisikiwi bure. Kabla ya mwaka wa 1893 Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip na watu wake, na misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Kabambare kwenda ziwa Tanganyika. Mwalimu akieleza vibaya mbele ya wajukuu wa waliofungwa minyororo, watarudi nyumbani wakidhani Mungu alikuwa upande wa wafungaji.

Kwanza: Nani anasema, na nani, na wapi? Paulo ni mzee, tena mfungwa. Basi anayemwombea mtumwa ni mtu aliye mwenyewe katika minyororo. Haandiki sheria wala mfano. Anaandika barua ya kuomba. Tusiisome kama amri ya serikali.

Pili: Neno kuu ni lipi? Kila fungu lina nguzo ya kati. Maneno mengine ni fito zinazoegemea hapo. Nguzo ya waraka huu ni ombi: mpokee Onesimo kama ungenipokea mimi. Shukrani, uzee, kifungo na deni, vyote vinaegemea ombi hilo. Anayeshika tu kwamba Onesimo alirudishwa kwa bwana wake, ameshika ufito na kuacha nguzo.

Tatu: Neno lina maana gani mahali pake? Kwa Kiswahili «mtume» na «mtumwa» yote yanatoka katika «kutuma». Inapendeza kuhubiri hivyo, lakini katika Kigiriki cha Paulo ni maneno mawili yasiyo na shina moja. Anayejenga fundisho lake hapo anaeleza Kiswahili chetu, haelezi Paulo. Kinyume chake, jina la Onesimo maana yake ni «mwenye kufaa», na Paulo analichezea anaposema juu ya kufaa na kutokufaa. Msomaji asiyejua hayo anapita bila kuona.

Nne: Nini imesemwa, nini inafahamika, nini tunaongeza sisi? Tunasikia mara nyingi kwamba Onesimo aliiba. Paulo anasema tu: kama amekukosea, au kama ana deni lako. Wizi tumeuongeza sisi. Lakini waraka unasalimu pia Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani mwa Filemoni. Hapo, ijapo haikuandikwa, yafahamika kwamba Filemoni hatajibu kwa siri: ndugu wote watajua.

Sasa swali gumu. Je, Paulo anaamuru utumwa ukome? Hapana, amri hiyo haimo, na tusiitie kwa nguvu ili kuwapendeza wasikilizaji. Lakini anaomba Onesimo apokewe si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa, kwa mambo ya dunia na kwa mambo ya Bwana. Filemoni akikubali, kesho atamwita mtumwa kwa kinywa gani? Hilo halikuongezwa na sisi. Linatoka ndani ya fungu lenyewe.

Basi, ndugu mapadri, mafratri na makatekista, kabla ya kufundisha tuandike katika daftari jibu la kila swali kati ya haya manne, sentensi moja moja. Halafu tuhubiri. Mzee wa Kabambare akituuliza Mungu alikuwa wapi wakati wa misafara, tusimjibu kwa maneno yetu matupu. Tumfungulie waraka huu, na tumsomee polepole.