Kufundisha Jinsi Misuli Inavyofanya Kazi

Mwalimu wa Tabora hana haja ya kutafuta mfano mbali. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kilo 30 hivi. Nguvu hiyo ilitoka wapi?

Msuli ushikao mifupa ni fungu la nyuzi, nao hufungwa mfupani kwa kano. Ndani ya kila uzi zimo nyuzi nyembamba za protini mbili, aktini na miosini. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagika ndani ya uzi. Vichwa vya miosini huishika aktini na kuivuta. Nyuzi huteleza, zenyewe hazifupiki.

Basi tusiwaambie watoto kwamba msuli hujivuta kama mpira. Wapishanishe vidole vya mikono miwili, kisha wavisogeze ndani: viganja hukaribiana, vidole hubaki na urefu wake. Halafu wajishike mkono juu ya kiwiko, wakiukunja na kuunyosha. Watagundua wenyewe kuwa msuli huvuta tu, hausukumi. Ndiyo sababu misuli hufanya kazi kwa jozi. Jambo alilolishika mtoto kwa mkono wake halifutiki upesi kama lile alilolikariri.