Taa Inamweta, Mbona Kitufe Hakisikii?

Vijana wanaokuja kwangu jioni hapa Ngamiani, Tanga, wengi ni mafundi redio. Pasi ya risasi wameizoea. Kigeni kwao ni kuandika programu. Huwa ninawaanzishia Arduino Uno R3, bodi ya ukoo uliozaliwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu.

Chipu yake, ATmega328P, ni kompyuta kamili ila ndogo: mapigo milioni 16 kwa sekunde, kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Haina Windows wala Android. Ukiipa umeme, inaendesha programu moja uliyoipakia, basi.

Nunua bodi, waya wa USB unaopitisha data (nyaya nyingine za chaja hupitisha umeme tu), LED chache, kitufe na rezista za omu 220. Rezista usiiruke: LED ikiungwa moja kwa moja kwenye pini ya volti 5, mkondo unazidi, na taa au pini inaweza kuungua.

Programu ya kwanza haihitaji hata LED ya kununua, maana bodi ina kitaa chake kwenye pini ya 13. Sehemu iitwayo setup hutekelezwa mara moja. Loop hurudiwa mpaka umeme ukatike. Ndani ya loop unawasha, unasubiri kwa delay(1000), yaani milisekunde 1,000, unazima, unasubiri tena.

Kikishamweta, kila kijana anataka kuongeza kitufe. Anabonyeza, kimya! Wakati wa delay, programu haifiki kwenye mstari wa kusoma kitufe. Ni mlinzi aliyefumba macho akihesabu hadi elfu. Dawa ni millis, inayotaja milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe. Sasa programu inauliza: sekunde imetimia? Kama bado, inakagua kitufe, inazunguka na kuuliza tena, maelfu ya mara kwa sekunde.

Aliyeshika hilo anaweza kuweka rilei mahali pa taa na boya mahali pa kitufe, pampu ikajizima tangi likijaa. Upande wa volti 230 aufunge fundi umeme. Ila kabla hajaniuliza anunue sensa gani, namtaka aniletee LED mbili zinazomweta kwa kasi tofauti, bila delay hata moja.