Macho ya mama na tezi ya shingoni: usikubali kuambiwa "ni uzee tu"

Najua nimepotea hapa kwa muda. Nilikuwa nahangaika na bi mkubwa, na leo nataka niwaeleze nilichojifunza, maana naamini kuna mtu anasoma hapa ana mzazi kama wangu na hajui kinachoendelea.

Bi mkubwa ana miaka 64. Ilianza macho kuwasha na kutoa machozi, kama kaingiwa na mchanga. Baadaye yakawa yametokeza, hata akilala hayafumbi vizuri. Mtaani maneno yakaanza, mnajua tena watu. Hospitali moja tukaambiwa, "Mama, huo ni uzee tu, nunua miwani." Tukanunua. Akaendelea kuona kila mtu wawili wawili.

Kituo cha pili tabibu mmoja kijana akamuuliza swali jipya: "Mama, unapungua uzito? Moyo unakwenda mbio?" Akajibu ndiyo, vyote. Damu ikapimwa, kumbe tezi. Akaanzishiwa kabimazoli, tukaambiwa tusubiri, macho yatarudi yenyewe.

Tukasubiri. Mpaka siku aliponiambia, "Mwanangu, mbona hii kanga yangu nyekundu imechuja?" Jamani, kanga ilikuwa mpya! Hapo nikastuka.

Sasa tatizo ni nini hasa? Shingoni, chini ya kikoromeo, tuna tezi yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Homoni zake ndizo zinaendesha kasi ya mwili: moyo, joto, uzito. Kuna ugonjwa unaitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaichokoza tezi mpaka inamwaga homoni kupita kiasi. Sasa bwana, nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho nayo yanashambuliwa na kinga hiyo hiyo. Yanavimba. Tundu la jicho ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo jicho linasukumwa mbele. Uvimbe ukizidi unaubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Rangi zinachuja, hasa nyekundu, na usipowahi mtu anaweza kupofuka.

Ndiyo maana dawa ya tezi peke yake haikutosha. Homoni zinaweza kushuka vizuri na macho yakaendelea kuharibika. Kuna hata watu ambao macho yanaanza wakati vipimo vya homoni viko sawa.

Nikaandika maswali yangu kwenye karatasi, nikarudi na bi mkubwa kudai rufaa. Tulipofika kwa bingwa wa macho alipigwa picha ya CT, akaonekana pia na daktari wa homoni, akawekewa dripu za steroidi. Jicho la kulia limerudi karibu lote. La kushoto halijarudi sawasawa. Tungewahi mwezi mmoja, sijui. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo wadau, yashikeni haya:

1. Chukua kifuniko chekundu cha soda. Mzazi afunike jicho moja, atazame, halafu abadilishe. Wekundu ukichuja upande mmoja, au akiona ukungu ghafla, mpeleke siku hiyo hiyo. Akiona sawa pande zote bado haimaanishi yuko salama.

2. Omba daktari wa macho na daktari wa homoni wamwone wote wawili. Hospitali kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina mabingwa wa macho.

3. Steroidi msijinunulie duka la dawa. Kwanza wapime sukari, presha na ini. Na kama mshipa umebanwa na dripu hazijasaidia ndani ya wiki mbili hivi, uliza kuhusu upasuaji wa kupanua tundu la jicho.

4. Anayevuta sigara aache. Sigara inazidisha ugonjwa huu vibaya sana.

5. Wakitaka kutibu tezi kwa madini joto ya mionzi, wakumbushe habari ya macho. Tiba hiyo inaweza kuyazidisha, na wao wanajua namna ya kuyakinga.

6. Usiku mto uwe juu, na umwombe daktari dawa ya kulainisha macho yasikauke.

Mtasikia pia habari za teprotumumabu, iliyopitishwa Marekani mwaka 2020. Ni dawa ya kweli, lakini bei yake si ya watu wa kawaida, na inaweza kuathiri kusikia. Mtu akikuuzia kichochoroni, kimbia.

Kuhusu hela: kwa sera yetu ya afya Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, uliza bila aibu.

Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne tu. Lakini nimejifunza kwamba uzee si ugonjwa, na daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Ukitoka hapo kafe leo, ukifika nyumbani, mtazame mzazi wako machoni.

Mwenye uzoefu atuachie maoni hapa chini. Tupo pamoja.