Ndege ya Maji: Jina Moja, Vyombo Viwili

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na maneno "ndege ya maji" aghalabu hujijengea picha moja: ndege ya kawaida iliyong'olewa magurudumu na kuvishwa maboya. Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Ndege ya maboya, kama ile aliyoirusha Henri Fabre nchini Ufaransa tarehe 28 Machi 1910, kiwiliwili chake hubaki juu ya maji. Ipo nyingine ambayo kiwiliwili chenyewe ni chombo cha majini, chenye mkuku na mbavu. Hii yastahili jina lake. Nalo "mashua irukayo" halikosi maana.

Mvuvi wa ngalawa angeielewa upesi. Viboya vidogo vilivyo chini ya mabawa hufanya kazi ya marengu: huzuia chombo kisilale ubavu. Kazi ilikuwa kuondoka. Maji hung'ang'ania tumbo la chombo kiendacho kasi. Kwa hiyo wasanifu walilikata kidato tumboni humo, hewa ikapenya na maji yakaachia. Ajabu ni kwamba maji shwari kama kioo yalikuwa adui mkubwa kuliko mawimbi madogo, na pengine motaboti ilitangulizwa kuyatibua.

Mnamo Juni 1937 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za mashua hizi kutoka Southampton hadi Durban. Zilikuwa na injini nne na mabawa ya mita 35 hivi kutoka ncha hadi ncha. Zilifuata mto Nili, zikatua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Lengo kuu lilikuwa barua za dola ya Kiingereza, na abiria walifuatia. Ziwa halihitaji kusawazishwa wala kutiwa lami, basi maji yakaonekana kuwa kiwanja cha bure.

Bure hiyo ilikuwa na gharama. Mnamo Machi 1939 mashua iliyoitwa Corsair iliondoka Port Bell kuelekea Juba, ikapotea njia, ikatua katika mto Dungu nchini Kongo na kutobolewa na mwamba. Ilitengenezwa, ikajaribu kuruka, ikagonga mwamba tena. Hatimaye mto ulizibwa kwa bwawa ili kina kiongezeke, na Corsair ikaondoka Januari 1940.

Vita Vikuu vya Pili viliacha viwanja vingi vya nchi kavu, na hoja ya ziwa ikadhoofika. Hata mashua za Solent zilizotua Naivasha kwa ajili ya abiria wa Nairobi zilikoma mwaka 1950.

Vyombo vyote viwili vingali hai. Watalii wa Maldivi husafirishwa kwa ndege za maboya; ndege za Canadair zinazochota maji ya kuzimia moto wa misitu kusini mwa Ulaya ni mashua zirukazo. Mfasiri wa habari aziitaye zote "ndege ya maji" hakosei, ila humnyima msikilizaji nusu ya picha.