Kila Barua na Saa Yake

Miongoni mwa tabia zinazoota mizizi katika ofisi zetu, Unguja na Pemba, ipo moja ambayo bado haijapewa uzito unaostahili. Nayo ni tabia ya kufungua barua pepe za kazi kila mara: mkutanini, chomboni, mezani pa chakula, hata kitandani. Mtumishi hutazama simu, asione jambo jipya, akaiweka. Kabla chai haijapoa ameishika tena. Sisi tunaona wakati umefika wa kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwani hasara yake haimwishii yeye peke yake.

Hasara ya kwanza ni ya mwananchi. Mtu aliyevuka bahari kutoka Pemba kufuatilia hati ya shamba amelipa nauli na ameacha shughuli zake. Afikapo mbele ya ofisa, ana haki ya kusikilizwa tangu mwanzo wa shauri lake hadi mwisho. Ofisa anayemkatiza mara tatu kwa kutazama simu atalazimika kuuliza upya yale aliyokwisha kuambiwa. Mshika mawili, moja humponyoka. Na hapa kinachoponyoka ni haja ya mwananchi.

Hasara ya pili ni ya nyumba. Mzazi anayekaa barazani baada ya magharibi huku akijibu maagizo ya ofisi, yupo kwa kiwiliwili tu. Watoto humsemesha asisikie, na kesho huenda kazini amechoka kama alivyotoka.

Hasara ya tatu ni ya kazi yenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwaondolea barua pepe wafanyakazi 13 kwa siku tano za kazi, huku wakiyapima mapigo ya mioyo yao. Ilionekana kuwa wasiwasi ulipungua, na watu walidumu zaidi katika jambo moja kabla ya kurukia jingine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 124. Walipofungua barua mara tatu tu kwa siku, dhiki yao ilikuwa ndogo kuliko walipofungua watakavyo.

Ikumbukwe kwamba ofisi za serikali zimewahi kuwa na utaratibu katika jambo hili. Barua zilifika masjala, zikafunguliwa, zikapigwa muhuri wa tarehe, zikaandikwa daftarini na kutiwa katika majalada, ndipo tarishi akayapeleka kwa wahusika. Hakuna ofisa aliyeshinda mlangoni mwa posta akingojea barua yake. Utaratibu ule ulikuwa na ucheleweshaji wake, nasi hatusemi turejee huko. Barua kufika Chake Chake kwa nukta chache ni neema. Lakini wepesi wa kufika si amri ya kujibu papo hapo.

Wapo wanaowalaumu watumishi wa chini kwa udhaifu wa nafsi. Lawama hiyo haikutua mahali pake. Mkubwa akituma agizo saa nne usiku, na asubuhi akauliza kwa nini hakujibiwa, basi amekwisha kumfundisha aliye chini yake kulala na simu mkononi. Dawa, kwa hiyo, lazima ianzie juu.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutoshughulishwa na simu na barua za kazi wakati wa mapumziko. Ureno mwaka 2021 ilimtaka mwajiri ajizuie kumtafuta mfanyakazi aliye mapumzikoni, ila kwa dharura kubwa. Australia ilifuata Agosti 2024. Sisi hatuna haja ya kungojea sheria ili tuanze.

Kwanza, kila idara ipange nyakati tatu za kufungua barua pepe: asubuhi kazi inapoanza, baada ya adhuhuri, na kabla ya kufunga. Kati ya nyakati hizo mlio wa simu uzimwe. Pili, jambo la dharura lipigiwe simu. Boti ikipata ajali, au maradhi ya mripuko yakizuka, hakuna mwenye akili atakayeandika barua akasubiri. Tatu, mkubwa aliyepata wazo usiku aliandike, lakini alitume asubuhi. Nne, anayekwenda likizo akabidhi kazi kwa mwenzake anayejulikana kwa jina, kisha aachwe apumzike. Wenye zamu hospitalini, bandarini na kwenye vyombo vya uokozi wana utaratibu wao, nao ubaki.

Kuigawa siku si jambo geni kwetu. Sala tano zina nyakati zake, na mvuvi wa visiwa hivi hujua siku za bamvua na siku za maji mafu. Hashindi akitupa nyavu kila nukta kwa hofu ya kupitwa na samaki. Mazoea yana taabu kuyaacha, na siku za mwanzo mkono utaitafuta simu wenyewe. Tunawataka wakuu wa idara waanze Jumatatu ijayo, wabandike saa hizo mlangoni, na wawe wa kwanza kuzifuata. Mwananchi aliye mbele ya meza ndiye atakayekuwa shahidi wa mabadiliko hayo.